Ukurasa Uliofunguka Mvuani

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu amesema nikimweleza tena habari za Mkurugenzi wakati wa kula, atahamia kwa mama yake. Kwa hiyo kuanzia leo nitaliambia daftari. Daftari halina mama.

Habari yenyewe ni hii. Mimi ni afisa habari wa kituo cha damu. Kazi yangu ni kuwashawishi watu wenye damu yao, wasio na shida na mtu, waje watugawie. Asubuhi Mkurugenzi ameniita ofisini kwake, akanigeuzia kompyuta nione tovuti yetu, ile iliyotengenezwa kabla sijaajiriwa. Tukaingoja ifunguke. Tukaongea habari za mvua, zikaisha. Akaniuliza watoto hawajambo. Sina watoto. Ndipo ikafunguka.

"Hii ni aibu," akasema. "Kila mwaka mvua zikianza wachangiaji wanapotea. Mwaka huu sitaki. Nataka tovuti mpya, ya kisasa. Matone ya damu yawe yanadondoka kwenye skrini. Muziki uwepo. Na picha yangu, ile ya suti ya bluu, iwe mbele kabisa."

"Ukubwa gani, Mkurugenzi?"

"Usiogope ukubwa."

Nimepewa mpaka katikati ya Aprili. Sijawahi kutengeneza tovuti tangu nizaliwe. Ninayemjua mwenye ujuzi huo ni mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye tangu kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ifungwe anaishi kwenye kochi letu. Sijasema sebuleni. Nimesema kwenye kochi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba. Alikuwa amelala chali, simu juu ya pua.

"Kutengeneza si shida, shem," akasema bila kuinua hata kichwa. "Shida ni kujua unatengeneza nini. Kwanza tutembee."

"Mvua yote hii?"

"Mtandaoni, shem."

Nikasema moyoni, mvivu kapata kisingizio kipya, tena chenye jina zuri.

Jumamosi, 8 Machi

Basi tumetembea. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti. Shemeji ameniwekea kompyuta mapajani na kunionyesha tovuti ya duka la mikate la mji fulani wa baridi, mbali huko, kwa lugha ambayo sielewi hata salamu yake.

Nikacheka. "Sasa hii nitaisomaje?"

"Usisome. Angalia tu. Halafu niambie wanafunga saa ngapi."

Nikaangalia. Palikuwa na picha moja ya mkate uliokatwa, bado unatoa mvuke. Chini yake saa mbili zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa, na kati yake alama ndogo. Kisha mikate minne imepangwa kwa safu, mmoja rangi yake imefifishwa kama umepitiwa na ukungu.

"Wanafunga saa nane mchana," nikasema. "Na huu mkate wenye mbegu umekwisha leo."

"Umejuaje?"

Nikafikiri. "Sijui nimejuaje."

"Wewe hujui. Aliyeitengeneza alijua."

Kisha akageukia ukutani akalala. Saa kumi alasiri! Lakini ule mkate uliofifia umekaa kichwani mwangu hadi sasa. Mtu ambaye hatujawahi kuonana amenionea huruma, akaniepusha kufunga safari kwenda kununua kitu kilichokwisha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mkurugenzi ameuliza matone yamefikia wapi.

Ijumaa, 14 Machi

Muuguzi mkuu wa chumba cha kutolea damu, tunayemwita Sista, hanipendi. Leo nimempa "habari za asubuhi" akanijibu, "Mbaya. Jana umeleta watu sita bure." Mimi? Sijaleta mtu yeyote. Nikamwambia siku njema. Akaingia zake ndani. Nadhani ana wivu kwa kuwa ofisi yangu ina dirisha.

Jumapili, 16 Machi

Tumetembelea chama cha wapanda milima. Wao wana njia nyingi za kupanda, na ukurasa wao wa kwanza una jambo moja tu: njia ipi iko wazi leo na ipi imefungwa. Historia ya chama, picha za mwenyekiti, hotuba, vyote vipo, lakini nyuma, kwa mwenye nafasi.

Kisha maktaba moja. Shemeji aliandika anwani kwa makusudi vibaya, ukatokea ukurasa wenye maneno haya, safari hii kwa lugha ninayoielewa: "Tumeupoteza ukurasa unaoutafuta. Kosa ni letu, si lako. Kaa, tukusaidie kutafuta."

Nimeukodolea macho muda mrefu. Kila siku mashine zinanigombeza: umekosea, jaribu tena, hairuhusiwi. Hii imeniambia kaa.

"Unalia, shem?"

"Vitunguu."

"Hatujapika."

Jumanne, 18 Machi

Mkurugenzi ameuliza matone.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeonja sana, sasa najua ladha. Leo tumetazama jumba la makumbusho la saa za zamani. Saa moja katikati ya skrini, weupe mtupu kote kuizunguka, unasikia kabisa kama inagonga. Nimeamua nami nitakuwa na weupe. Na picha kubwa kama ya mkate. Na milima, kwa nini isiwepo milima? Na matone, maana Mkurugenzi hataacha kuuliza.

Shemeji amesema, "Unachukua nguo za watu, hujauliza walizivaa kwa ajili gani."

Nimemwambia mtu anayevaa bukta siku nzima asinifundishe mavazi. Tumecheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya kazi wiki nzima kwa programu aliyonifundisha. Inapendeza! Ukifungua, milima inatokea polepole kwenye ukungu, matone matatu yanadondoka, muziki wa kinanda, kisha Mkurugenzi anajitokeza kati ya vilele kama jua.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumegombana. Shemeji aliifungua tovuti kwenye simu yake, ile yenye ufa, akasimama nayo mlangoni ambako mtandao hushika kwa shida. Akangoja. Akaenda kuosha vyombo, akarudi, akanionyesha. Vilele vya milima, basi.

"Ni nzito, shem. Mtu wa kawaida hataiona."

"Simu yako mbovu."

"Simu za watu wengi ni mbovu."

Hapo nikasema maneno ambayo sikupaswa kuyasema. Nikamwambia kwamba mtu asiye na kazi asimpangie kazi mwenye nayo. Mume wangu aliinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi wake, maana ni mwalimu wa hesabu na husahihisha hata akiwa amesinzia, akanitazama. Shemeji alikunja shuka lake vizuri, pembe kwa pembe, akasema rafiki yake mwenye duka la kuchapisha nyaraka alishamkaribisha siku nyingi. Akaondoka na mwavuli wetu.

Kochi limebaki na bonde katikati. Nimekaa humo kuandika. Si pazuri hata kidogo, mgongo unauma. Sijui alilalaje hapa miezi yote hiyo.

Jumanne, 15 Aprili

Nimewasilisha. Mkurugenzi alisimama. Alipojitokeza kati ya milima alipiga makofi. Wakuu wa idara zote wakapiga makofi. Tumeizindua papo hapo, kwenye ukumbi wenye mtandao wa waya.

Sista hakupiga makofi. Alikuwa ananipungia simu yake kutoka nyuma. Nikadhani ananipongeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa. Waliokuja kutoa damu ni wachache.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Wachache kuliko juzi.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo Sista ameingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Njoo," akasema.

Akanipeleka chumba cha kutolea damu. Vitanda vimetandikwa, vyote vitupu, na saa ya ukutani inasikika. Nikakumbuka ule weupe wa jumba la makumbusho. Huu haukupendeza.

"Nimewapigia wachangiaji wetu wa kila mara," akasema. "Mmoja kaniambia, mwambie huyo Mkurugenzi uso wake umenimalizia bando. Mwingine kasema simu imeanza kupiga kinanda msikitini. Na wale watu sita nilikuambia mwezi uliopita? Walikuja Alhamisi na mvua kichwani, tovuti ile ya zamani imesema Alhamisi tunapokea mpaka jioni. Tangu mwaka jana Alhamisi hatupokei baada ya mchana. Nimewarudisha mimi, kwa mdomo wangu. Mama mmoja alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniambia siku njema."

Ni kweli. Nilimwambia siku njema. Mwezi mzima nimeamini ana wivu wa dirisha, kumbe alikuwa anabeba mzigo ulioandikwa jina langu. Nimemwomba radhi palepale. Akasema radhi haitoi damu, ila ameipokea, kisha akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Tukanywa tukitazama vitanda.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemfuata shemeji. Duka la rafiki yake ni chumba kimoja chenye mashine mbili za kuchapisha na benchi la wateja. Nilimkuta amekaa kwenye benchi na bibi mmoja aliyekuja kutoa nakala za cheti. Bibi ameshika simu yake mwenyewe, shemeji hagusi, anatazama kidole tu.

"Mama, unataka kujua unaweza kutoa damu leo. Utabonyeza wapi?"

"Hapa kwa huyu bwana wa suti."

"Haya, bonyeza."

"Hakuna kitu."

"Basi kosa letu hilo, mama. Si lako."

Tovuti aliyokuwa akimwonyesha ni yangu. Rafiki yake akaninong'oneza kwamba tangu tovuti izinduliwe anawauliza wateja hivyo wakingoja nakala zao, na hakuna aliyemtuma. Akaniambia pia kwamba hata kule nyumbani, akilala na simu usoni, alikuwa anaandika maombi ya kazi, yanakataliwa, anatazama tovuti nzuri za watu ili asikate tamaa na fani yake, kisha anaandika mengine. Nami nilikuwa napita na ufagio, nagonga miguu ya kochi kwa makusudi.

Nikakaa kwenye benchi.

"Shemeji, nilikukosea. Maneno yale hayakuwa ya kumwambia mtu."

"Ni kweli hayakuwa," akasema. Akanitazama. Kisha akatabasamu upande mmoja. "Sasa, shem, tuanze na yule bwana wa suti. Tunamtoaje?"

Jumatano, 23 Aprili

Tumeketi watatu, Sista, shemeji na mimi. Shemeji hakufungua kompyuta. Alimuuliza Sista, "Watu wakipiga simu wanauliza nini?"

"Wanauliza kama tunahitaji damu yao leo. Wanauliza kama inauma. Halafu wanauliza kama tutawarudisha, lakini hilo hawalisemi wazi. Wanasema, mimi nilikuwa na mafua. Mimi ni mwembamba. Wanaogopa kuambiwa hawafai."

"Tovuti ndiyo hiyo," akasema shemeji. "Umeshaitengeneza."

Hapo ndipo nilipoelewa matembezi yetu. Duka la mikate halikuwa na mvuke kwa sababu mvuke unapendeza. Lilitaka kusema mkate ni wa sasa hivi. Weupe wa zile saa ulikuwa wa kuzipa saa ukimya. Kila kimoja kilianzia kwa mtu fulani mwenye swali, upande wa pili wa skrini, na mimi nilibeba majibu ya maswali ya wengine.

Ijumaa, 25 Aprili

Kumwambia Mkurugenzi. Nikamwomba atoke nami barazani, mvua inanyesha pembeni yetu, afungue tovuti kwa simu yake mwenyewe.

Tukangoja. Milima. Tukangoja. Tone moja, likakwama hewani.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Uko njiani, Mkurugenzi."

Akacheka, akaacha. Akatazama lango la kituo, ambako hakuna aliyekuwa akiingia. "Na tatizo hasa ni nini?"

"Picha yako ndiyo nzito kuliko vyote."

"Mke wangu anasema hivyohivyo," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Iondoeni." Nilitegemea hasira, sikuiona. Nimeondoka nikijiuliza kwa nini alikuwa akiitaka sana.

Jumatatu, 28 Aprili

Mpya iko hewani. Juu kabisa mstari mmoja, Sista ndiye anaubadilisha kila asubuhi kwa simu yake: leo tunahitaji nani, tupo mpaka saa ngapi. Chini yake kitufe kimoja kikubwa: "Je, naweza kutoa?" Maswali machache, na asiyeweza anaambiwa, "Leo pumzika. Mwili wako unaihitaji damu hii kuliko sisi. Tutafurahi ukirudi," na kupewa siku ya kurudi. Maneno hayo nimeyaandika mara nyingi mno. Inafunguka hata mlangoni kwetu, hata kwenye simu yenye ufa.

Shemeji amerudi nyumbani. Mwavuli pia.

Jumatano, 30 Aprili

Lazima niandike kabla sijalala.

Mvua ya jana haikukatika. Asubuhi barabara ya bondeni ilikuwa imegeuka mto, na nusu ya wafanyakazi hawakufika. Mara simu kutoka hospitali ya wazazi. Mama amejifungua, anavuja damu, haikatiki. Kundi lake ni O hasi, na mwenye kundi hilo hapokei lingine lolote. Tulipeleka mifuko yote tuliyokuwa nayo ya kundi hilo kwa gari lililopita njia ya juu. Rafu ikabaki tupu. Daktari akasema inaweza isitoshe, na damu mpya lazima ipimwe kabla haijatumika, kwa hiyo kama ni kuja, watu waje sasa.

Sista akafuta mstari wa asubuhi, akaandika: "Leo, O hasi. Mama mmoja anawangoja. Njia ya juu inapitika." Shemeji alipiga simu kutoka nyumbani, akasema aongeze neno, "Hujui kundi lako? Angalia kadi yako ya mchangiaji." Akaongeza. Sote tukasimama dirishani kwangu, lile dirisha, tukitazama lango.

Hakuna mtu. Mvua tu.

Kisha mwavuli mmoja. Dereva wa lori, maji mpaka magotini. "Nimeona njia ya juu inapitika," akasema, kama anayejitetea. Kisha mfumaji wa vikapu na binti yake. Kisha mtu aliyekuja na kadi ya kundi jingine akasema anajua haihitajiki, ila amemsindikiza jirani. Nilikuwa nagawa taulo mpaka zikaisha, nikagawa mapazia ya ukumbini.

Wa O hasi walikuwa bado wachache. Ndipo Mkurugenzi akaingia chumbani amevua koti, uso umempauka.

"Sista," akasema, "mimi ni O hasi."

Sista akamtazama. "Miaka yote hii?"

"Naogopa sindano. Tangu utotoni. Nikiona tu miguu inaisha nguvu." Akageuka kwangu. "Nilifikiri nikiweka picha kubwa, watu wataona kwamba na mimi nimetoa kitu."

Hakuna aliyecheka. Sista alimlaza, akamfunga mkono, akamwambia atazame dari na amsimulie habari za mke wake. Akasimulia. Alisimulia kwa sauti kubwa, mpaka yule dereva wa lori kwenye kitanda cha pili akawa anamuuliza maswali. Alipoambiwa imekwisha, alikuwa katikati ya hadithi na hakutaka kuinuka.

Jioni, baada ya vipimo, gari liliondoka tena. Saa moja hivi simu ikalia. Sista aliisikiliza amefumba macho. Akaikata, akaketi kwenye kitanda cha wachangiaji, jambo ambalo huwa anatugombeza tukilifanya.

"Imekatika," akasema. "Damu imekatika. Mama ameomba chai."

Alhamisi, 1 Mei

Nimelala.

Jumatatu, 12 Mei

Jua limetoka kidogo. Mkurugenzi amempa shemeji kazi ya mkataba: tovuti, na mabango ya vituo vidogo. Akamuuliza angependa ofisi gani. Shemeji akajibu kwamba angependa kukaa kwenye benchi la chumba cha kungojea. Mkurugenzi akanitazama, nikamwambia mpe, anajua anachokifanya. Mume wangu aliposikia hayo alisema hatimaye naongea mambo ya kusikilizika wakati wa kula.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekwisha. Asubuhi nilikwenda duka la dawa, nikapanga foleni nyuma ya mzee na mke wake. Mke ameshika simu.

"Wanataka kundi lako leo," akasema.

"Mimi mzee, mke wangu. Watanirudisha."

"Subiri." Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe, hakikutangatanga. Akamuuliza swali, akajibu. Akamuuliza la pili. Mzee akaanza kuinama kusoma mwenyewe, miwani imeshuka puani. Nikashika pumzi.

"Wamesema umri wako bado unafaa," akasema mke. "Wewe unatoa. Mimi wameniambia nipumzike, nina presha." Akasoma tena kwa sauti ya chini, kama anamsomea mtu: "Tutafurahi ukirudi."

"Wamekuambia hivyo?"

"Wameniambia hivyo."

Mzee akasimama wima, akavuta shati lake likakaa sawa. "Basi tupite huko kwanza, dawa tutachukua tukirudi."

Wakatoka kwenye foleni wakashikana mikono. Hakuna aliyesema rangi ni nzuri, wala herufi. Sidhani kama waliona kuwa kuna mtu aliyeutengeneza ukurasa huo. Nimesimama pale nikitabasamu peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza mara ya pili nataka nini, na sikukumbuka hata kidogo.